Harufu ya bakteria dhidi ya minyoo fundo

Mkulima anayeng'oa mche wa nyanya ulionyauka akakuta mizizi imejaa vinundu hataki kusikia habari za harufu. Anataka dawa. Ndiyo maana wazo la kudhibiti minyoo fundo, viumbe vidogo vya udongoni vinavyoingia mizizini na kusababisha vinundu hivyo, kwa gesi zinazotolewa na bakteria wa udongoni, kama Bacillus na Pseudomonas, hupokelewa kwa mashaka. Nadhani limehukumiwa kabla ya kusikilizwa.

Wenye mashaka wana hoja nzito. Majaribio mengi hufanyika kwenye visahani vilivyofungwa, bakteria upande huu na minyoo upande ule, hewa ikiwa moja. Shambani gesi hupotea hewani, na bakteria wageni mara nyingi hushindwa na wenyeji wa udongo.

Lakini tazama dimethili disulfidi, inayonuka kama kitunguu saumu. Bakteria kadhaa huitoa, na viwanda vimekuwa vikiiuza kama dawa ya kufukiza udongo. Basi kwamba inaua minyoo nje ya maabara, hilo halina ubishi tena. Ubishi uko kwenye kipimo: anayefukiza hutia mamia ya kilo kwa hekta na kufunika shamba kwa plastiki, ilhali bakteria hutoa chembe tu.

Chembe hizo, hata hivyo, hutolewa kando ya mzizi wenyewe, na hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu. Mnyoo mchanga, asiyefika hata nusu milimita, hali chochote mpaka aingie mzizini. Anaishi kwa mafuta aliyozaliwa nayo. Baadhi ya gesi hizi huzuia mayai kuanguliwa, nyingine humfukuza au kumpoteza njia. Si lazima afe leo. Akizungukazunguka mafuta yakamwishia, mche umepona.

Mwaka 1987 watafiti wa minyoo Sasser na Freckman walikadiria kwamba minyoo ya mimea hupunguza mavuno kwa asilimia 8.8 katika nchi tajiri na 14.6 katika nchi zinazoendelea. Ni makadirio ya zamani, yaliyotokana na maoni ya wataalamu, lakini pengo lile linanisumbua kila ninapolisoma. Udongo wa joto huzalisha minyoo mwaka mzima, na mwenye nusu eka hana fedha za plastiki wala mitambo ya kufukiza. Methili bromidi, gesi ya kufukiza udongo, nayo ilipangiwa kukoma mwaka 2015 katika nchi zinazoendelea, kwa kuwa inaharibu tabaka la ozoni. Nchini Kenya, Furadan, dawa ya kuua wadudu na minyoo, iliondolewa sokoni mwaka 2009 baada ya kutumiwa kuwaua simba kwa sumu.

Sitamwambia mkulima aache mzunguko wa mazao, samadi au mbegu zinazostahimili, akategemea chupa ya bakteria peke yake. Kinachohitajika ni majaribio shambani kwa misimu mitatu, kwenye kichanga na kwenye mfinyanzi, vinundu vihesabiwe siku ya kung'oa miche na mavuno yapimwe kwa kilo.