Una hamsini au twende mahakamani?

Ukiishi Mwanza hili swali utakuwa ushalisikia, kama hukuulizwa wewe basi kaulizwa jirani yako. Mama kamwaga maji machafu mtaroni huko Igoma, au kijana kapanga viatu kwenye njia ya waenda kwa miguu katikati ya mji, mgambo wanashuka kwenye gari, na kabla mtu hajajua hata kosa lake linaitwaje anaambiwa, "Mayu, una hamsini au twende mahakamani?", yaani mama, una elfu hamsini ya faini hapa hapa au tukakushtaki? Na jibu ni lilelile karibu kwa kila mtu, nani aende mahakamani bwana, simu inatoka, anaanza kupigia ndugu na watu wa kikoba.

Naongelea hiyo mahakama kwa sababu naona inasingiziwa. Mtaani imegeuzwa kuwa kitisho tu, wakati kwa hizi kesi ndogondogo ndiyo sehemu pekee ambayo mtu anaweza kuulizwa "ni kweli au si kweli?" na jibu lake likaandikwa.

Tuwe wakweli lakini, hiyo faini ya papo kwa papo siyo uhuni. Halmashauri zinatunga sheria ndogo chini ya sheria ya serikali za mitaa ya mamlaka za miji ya 1982, na ndani ya hizo sheria ndogo mara nyingi kuna kipengele kinachompa Mkurugenzi uwezo wa kufifilisha kosa, yaani unakiri kwa maandishi, unalipa, kesi haifiki popote. Trafiki nao wana ya kwao inayofanana, unaandikiwa, ukikubali unalipa kwa namba ya malipo, ukikataa unaenda kujitetea kwa hakimu. Halmashauri pia ina hoja yake. Mvua ikipiga Mwanza kila kilichotupwa kule milimani kinateremka na maji, kinaingia mto Mirongo, kinaishia ziwani ambako ndiko tunakochota maji na kuvua sato. Sasa kila mtu aliyetupa chupa ya maji kwenye mtaro aandaliwe hati ya mashtaka, mgambo aliyemuona aache kazi akakae kwenye benchi kusubiri aitwe kutoa ushahidi, hakimu aache kesi za wizi na kupigana asikilize habari ya chupa? Na huyo mtupaji mwenyewe, kama kweli katupa na anajua katupa, ni heri alipe akaendelee na biashara yake kuliko kupoteza siku nzima. Na siku hizi kuna mashine za POS, ukilipa risiti inatoka, kwa hiyo hata ile lawama kwamba hela yote inaishia mfukoni mwa mgambo haimhusu kila mmoja. (Asiyetoa risiti huyo ni habari nyingine, na wote tunamjua.)

Hiyo hoja naikubali kabisa kwa mtu mwenye kosa. Kichwa kinaniuma kwa yule asiye na kosa, au mwenye nusu kosa.

Angalia ile fomu. Mara nyingi iko nyuma kabisa ya sheria ndogo, kwenye jedwali, na maneno yake huwa yanaenda hivi: mimi fulani nakiri kwamba tarehe fulani nilitenda kosa la kadha wa kadha, na niko tayari kulipa faini ya shilingi kadhaa, halafu sahihi. Inajazwa juu ya boneti ya gari, injini inanguruma, watu wamezunguka wanachungulia, mama ana mafuta ya samaki mikononi na peni siyo yake. Yeye anajua anasaini risiti. Kumbe anasaini kukiri kosa. Ibara ya 13(6) ya Katiba inasema mtu ana haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na asichukuliwe kuwa na kosa mpaka ithibitike, na hiyo haki yote imeishia hapo kwenye boneti kwa sababu ameikabidhi mwenyewe. Hakuna aliyemuuliza kama zile taka ni zake au zilikuwa zinasubiri gari la taka ambalo halijapita.

Mahakama ya mwanzo ingemuuliza. Kesi inaendeshwa kwa Kiswahili, shtaka linasomwa, ukisema si kweli basi yule mgambo inabidi asimame aseme aliona nini, saa ngapi, amesimama wapi, na wewe unaruhusiwa kumuuliza maswali. Ukishindwa na hukuridhika una siku 30 za kukata rufaa mahakama ya wilaya. Hata umbali siyo kisingizio kikubwa kama zamani, maana 2019 Mahakama ilipozindua mahakama inayotembea, lile basi ambalo ndani ni chumba cha kesi, magari ya kwanza yalikuwa mawili na moja lilipangiwa huku kwetu Mwanza, la pili Dar es Salaam. Ni mikoa michache iliyopata bahati hiyo.

Sasa kwa nini watu bado wanaikimbia? Wengi watasema rushwa, wengine watasema foleni, sawa, ila mimi narudi kwenye namba moja ambayo kila nikiisoma nashindwa kuimeza. Laki mbili. Sheria ndogo nyingi za miaka ya karibuni kwenye halmashauri zetu zinasema mtu akipatikana na hatia atalipa faini isiyopungua shilingi 200,000 na isiyozidi 1,000,000, au kifungo kisichopungua miezi 12 na kisichozidi 24, au vyote pamoja. Isiyopungua! Weka hiyo pembeni ya ile hamsini ya barabarani uone mama anaambiwa nini kwa hesabu tu: kukiri kosa ambalo pengine hukufanya ni hamsini, kulikana ukashindwa ni mara nne yake, na usipokuwa nayo gereza la Butimba liko palepale mjini. Hata mimi ninayeandika haya ningelipa hamsini. Mtu mwenye mtaji wa laki moja na nusu wa sato wa kukaanga hawezi kwenda kucheza kamari ya laki mbili ili kutetea heshima yake, na kama beseni lake limeshapandishwa kwenye gari ndiyo kabisa, samaki hasubiri hukumu.

Halafu lawama anabeba hakimu. Utasikia "mahakama zetu zinakomoa wanyonge", wakati ile laki mbili haikuandikwa na hakimu, imepita kwenye baraza la madiwani na ikaidhinishwa na waziri wa TAMISEMI. Hakimu anachofanya ni kutafuta upenyo, na upo. Kanuni ya adhabu kifungu cha 38 inaruhusu mtu kuachiwa kwa masharti, na toka 2002 kuna sheria ya huduma kwa jamii, mtu badala ya kufungwa akafagie soko. Kwa kosa la usafi, hiyo ya kufagia soko si ndiyo ingekuwa adhabu ya kwanza kufikiriwa?

Kuna watakaosema ukishusha faini ya mahakamani kila mtu atakimbilia huko na halmashauri itakwama. Inawezekana kwa miezi ya mwanzo. Lakini 2021 serikali ilishusha faini ya bodaboda na bajaji kutoka 30,000 mpaka 10,000 kwa kosa, na trafiki hawajafunga kazi, bado wako pale wanaandika. Na sisemi mahakamani pawe rahisi kuliko barabarani, nasema bei ilingane. Aliyeshindwa kesi atakuwa tayari kapoteza siku yake ya biashara, hiyo peke yake inatosha kumfanya mwenye kosa alipe mapema aondoke.

Sheria ndogo haipiti kimyakimya, wananchi lazima watangaziwe na wapewe nafasi ya kutoa maoni, na tangazo linabandikwa kwenye ubao wa kata ambao hatuusomi. Likibandikwa la usafi wa mazingira, rukeni kurasa zote nendeni kwenye kipengele cha adhabu, na mumuulize diwani neno "isiyopungua" linafanya kazi gani pale.