Maonyesho Maalumu ya Sinema Yawafuate Watu wa Steji

Mwulize kijana wa Nairobi Odeon iko wapi, naye atakuelekeza kwenye steji ya matatu. Globe kwake ni mzunguko wa barabara karibu na Ngara, Bellevue ni kituo cha Mombasa Road jirani na South C, na Drive-In ni mahali pa kushukia Thika Road kabla ya kufika Roysambu. Kote huko kulikuwa na sinema. Mbili za kwanza zilikuwa kumbi, na mbili za mwisho zilikuwa viwanja vya wazi ambako watu walitazama filamu wakiwa ndani ya magari yao. Filamu zilikwisha, majina yakabaki kwa makanga.

Mara kwa mara hujitokeza watu wenye nia njema wanaotaka kuzirudishia uhai kumbi kongwe zilizosalia kwa kuandaa maonyesho maalumu: usiku wa filamu za zamani, uzinduzi wa filamu mpya ya Kikenya, tamasha la wikendi moja, mazungumzo na waongozaji. Mimi ni shabiki wa jambo hilo na nitaendelea kuhudhuria, lakini nadhani tunalifanya kwa namna isiyoweza kuokoa jengo lolote. Tunaandaa sherehe ya wenye magari katika majengo yaliyozungukwa na watu wanaotembea kwa miguu. Onyesho maalumu katikati ya jiji litakuwa na maana likipangwa kwa ajili ya yule anayepita hapo kila jioni akielekea steji, likamfaa kwa saa, kwa bei na kwa lugha.

Niliwahi kualikwa kwenye uzinduzi mmoja mjini ambao kadi yake ilitaja saa kumi na mbili jioni. Mgeni rasmi akasubiriwa. Alipofika, ukafuata utambulisho wa wadhamini, kisha hotuba, kisha picha mbele ya bango, kisha hotuba nyingine ya kumshukuru aliyetoa ile ya kwanza, na filamu ikaanza karibu na saa tatu usiku. Ilipofika katikati, pale ambapo hadithi ilikuwa imeanza kushika, safu za nyuma zilianza kupukutika: mtu anainama, anakumbatia mkoba kifuani, anapenya kati ya magoti ya wenzake akinong'ona samahani. Haikuwa filamu mbaya. Walikuwa wakiwahi matatu za Kayole na Rongai kabla nauli haijapanda. Waliobaki mpaka majina ya waigizaji yakapita ni wale walioegesha magari, pamoja na sisi wachache tuliokwisha kukubali kwamba tungelipa teksi.

Tukisema tunarudisha enzi za sinema, inafaa tuulize ni enzi za nani. Jengo la Cameo katika Kenyatta Avenue lilianza maisha yake kama Theatre Royal, kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, na walowezi walifanyia humo michezo yao ya jukwaani na mikutano yao ya kisiasa. Mwaka 1912 serikali ya kikoloni ilikuwa tayari imetunga sheria ya kudhibiti michezo ya jukwaani na filamu, na katika miongo iliyofuata wakaguzi waliweza kuiruhusu filamu kwa Wazungu na kuikataza kwa Waafrika. Kwa hiyo kumbukumbu tamu ya viti vya mahameli si ya kila mtu. Iliyo ya wengi zaidi ni ya baada ya uhuru: Jumapili alasiri pale Latema Road, Odeon na Embassy zikiwa hatua chache tu kutoka moja hadi nyingine, familia za Ngara na Pangani zikienda kutazama filamu ndefu za Kihindi zenye mapumziko katikati, karanga kwenye karatasi iliyoviringwa, na wimbo wa taifa kabla ya picha kuanza, ambapo aliyechelewa alisimama wima mlangoni, tikiti mkononi, mpaka wimbo uishe. Desturi ya wimbo wa taifa imehamia hata kwenye sinema za maduka makubwa, na nadhani ndiyo urithi pekee ambao kumbi kongwe ziliwaachia warithi wao.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tujisumbue na majengo, ilhali ukuta mweupe na projekta ndogo vinatosha. Jibu langu liko kwenye chumba cha mitambo. Filamu ya milimita 35 hupitisha picha 24 kwa sekunde, na rili moja ya kawaida, yaani gurudumu moja la mkanda, hudumu kama dakika 20, hivyo filamu ya saa mbili ilifika ukumbini ikiwa rili sita au zaidi, na ukumbi ulihitaji mashine mbili zilizosimama ubavu kwa ubavu. Mwendesha mitambo alichungulia kwenye kidirisha akingoja alama ndogo ya duara katika pembe ya juu ya kulia ya picha. Alama ya kwanza ilimwambia awashe mota ya mashine ya pili. Nyingine, sekunde chache baadaye, ilimwambia abadilishe. Akichelewa, skrini iligeuka nyeupe na ukumbi mzima ukapiga mbinja. Jengo lote lilichorwa kuizunguka kazi hiyo. Sakafu iliinamishwa ili kichwa cha wa mbele kisimzibe wa nyuma, chumba cha mitambo kikawekwa juu ili mwanga upite juu ya vichwa vya watu, na paa likabebwa bila nguzo katikati. Studio kubwa zilipohamia dijitali mashine zilinyamaza, lakini sakafu ile na ile nafasi isiyo na nguzo ni mali mpaka leo. Ukuta mweupe hauwezi kukupa mamia ya watu wanaocheka kwa pamoja bila hata mmoja kulazimika kunyoosha shingo.

Namna kumbi hizo zilivyokufa inajulikana: kanda za video, ujio wa kituo cha televisheni cha KTN mwaka 1990, diski za bei ya chini barabarani, kisha sinema ndogo ndani ya maduka makubwa yenye maegesho. Baadhi ya majengo yaligeuka makanisa, na hapo natofautiana na wapenzi wa sinema wanaolalamika. Kanisa linahitaji kile kile kilichohitajiwa na sinema, yaani watu wengi walioketi wakitazama upande mmoja, na ndiyo sababu limetunza paa na sakafu ambavyo mpangaji mwingine angevibomoa au kuvigawa kuwa stoli za kuuza simu.

Mfano ninaoupenda zaidi uko Ngara. Shan, iliyokuwa sinema ya filamu za Kihindi, ilichukuliwa na Sarakasi Trust ikawa Sarakasi Dome, mahali pa mazoezi ya wanasarakasi na wacheza ngoma, na pia pa matamasha ya muziki. Hawakungoja jengo lirudi kuwa sinema ya kila siku. Walilipatia jengo kazi nyingine ya kutwa, na jioni za pekee zikawa juu ya kazi hiyo. Hesabu yenyewe haina huruma: ukumbi mkubwa hauwezi kuishi kwa onyesho moja kwa mwezi, kwa sababu umeme, ulinzi na kodi ya ardhi havingoji tamasha.

Sasa nije kwenye lugha, ambayo kwangu ndiyo kiini cha jambo hili. Wakati tulipokuwa tukiomboleza kifo cha sinema, sinema ilikuwa imehamia mitaani. Katika vibanda vya video vya Kibera, Mathare, Githurai na Kawangware, watu walijipanga kwenye mabenchi mbele ya televisheni moja na kutazama filamu za mapigano na za Kihindi zikisimuliwa na DJ kwa Kiswahili kilichochanganyika na Sheng. DJ Afro ndiye aliyevuma kuliko wote. Msimulizi wa aina hiyo hafasiri mazungumzo sentensi kwa sentensi. Anashusha sauti ya filamu, anamleta steringi karibu kana kwamba ni jirani, anamtabiria adui kipigo ambacho bado hakijafika, anatoa ushauri wa ndoa huku magari yakifukuzana, kisha anaipandisha tena sauti ya filamu pale ngumi inapotua. Ni sanaa ya jukwaani kamili, ila kwa miaka mingi tumeisikia ikiwa imerekodiwa tu. Mweke msimulizi huyo akiwa hai, maikrofoni mkononi, kando ya skrini kubwa ya ukumbi kongwe, mbele ya watu wanaoweza kumjibu, nawe una onyesho maalumu ambalo hakuna simu wala huduma ya intaneti inayoweza kulinakili.

Kuna watakaosema hilo linashusha hadhi ya ukumbi. Hadhi gani? Alliance Française na Goethe-Institut, taasisi za utamaduni za Kifaransa na Kijerumani, zimeonyesha filamu kwa miaka mingi, mara nyingi bila kiingilio, na nazishukuru kwa dhati. Lakini mtazamaji wao na mtazamaji wa kibandani ni nadra kuketi safu moja. Hiyo ndiyo kazi ambayo jengo la zamani katikati ya mji linaiweza kuliko taasisi yoyote.

Kikwazo ni haki. Kibanda kinaweza kujificha uchochoroni, ila ukumbi wenye jina hauwezi: filamu ya kuonyeshwa hadharani inahitaji ruhusa ya mwenye hakimiliki, na inahitaji cheti chini ya Sura ya 222 ya sheria za Kenya, ambayo imekuwapo tangu miaka ya 1960. Kufuatilia ruhusa ya filamu ya Hong Kong ya miaka ya 1970 kunaweza kummaliza mtu. Ndiyo maana ningependa tuanze na wenye filamu wanaopatikana kwa mguu. Riverwood, yaani watayarishaji wa River Road waliouza filamu za Kikuyu, Kikamba na Kiswahili kwenye diski, walikuwa umbali wa dakika chache kutoka Latema, na kazi zao zilikusudiwa televisheni ya sebuleni. Kuzipandisha kwenye skrini kubwa mara moja ni tukio lenyewe. Zipo pia filamu za Kikenya zilizotangulia wimbi hilo. Ni nani aliye chini ya miaka 30 aliyeitazama Saikati ya Anne Mungai, ya mwaka 1992, akiwa na umati? Filamu kama hiyo haihitaji zulia jekundu. Inahitaji nakala safi, mwongozaji aliyealikwa mapema, na dakika 30 za maswali.

Kwamba wakazi wa Nairobi hujaa ukumbini wakipewa sababu, hilo limeshaonekana. Septemba 2018 Mahakama Kuu ilisimamisha kwa siku 7 marufuku dhidi ya Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu kuhusu mapenzi ya wasichana wawili, ili iweze kushindania nafasi ya kuiwakilisha Kenya katika Oscar, na katika sinema ya Prestige, Ngong Road, tikiti zikaisha na maonyesho yakaongezwa. Vyovyote mtu anavyoifikiria filamu yenyewe, sehemu ya kilichowatoa watu nyumbani ilikuwa kujua kwamba wiki ikiisha mlango unafungwa. Hata hivyo, huwezi kujenga ratiba ya mwaka juu ya amri za mahakama.

Kwa hiyo naangalia Mumbai. Ukumbi wa Maratha Mandir, uliofunguliwa mwaka 1958, umekuwa ukionyesha filamu moja, Dilwale Dulhania Le Jayenge, tangu Oktoba 1995, ukikatizwa hasa na kipindi cha korona. Onyesho ni la mchana, tikiti ni nafuu, na ukumbi uko karibu na stesheni ya Mumbai Central, hivyo baadhi ya watazamaji ni wasafiri wanaongoja treni. Sisi tuna wangojaji wengi zaidi. Kati ya saa kumi na moja na saa mbili usiku, hasa mvua ikinyesha, barabara za kutoka mjini hazisogei, na watu wengi hubaki madukani, kwenye ngazi za majengo au ndani ya matatu iliyosimama, wakiua muda mpaka msongamano upungue na nauli ishuke. Hao ndio watazamaji, na tayari wamefika.

Onyesho lao lianze saa kumi na mbili kasorobo na liishe kabla ya saa mbili. Siku iwe ile ile kila wiki, tuseme Jumatano, ili mtu asihitaji tangazo. Kiingilio kisizidi nauli ya kawaida ya kwenda na kurudi Githurai. Wiki moja iwe ya msimulizi, nyingine ya filamu ya Kikenya na aliyeitengeneza, nyingine ya filamu ya zamani ya Kihindi ambayo wazee wa Ngara watawaeleza vijana waliokaa kando yao, watake wasitake. Mwenye hotuba aitoe baada ya filamu, kwa watakaobaki, na mgeni rasmi akichelewa atafutiwe kiti kwa tochi kama mtu mwingine yeyote.

Najua mwenye jengo hatakubali kwa maneno matamu, awe mfanyabiashara au mchungaji. Atataka kodi yake ilipwe mapema, na ana haki. Lakini fedha za kuilipa zipo tayari katika mji huu, zinatumika vibaya tu. Gharama ya zulia, mabango, vitafunio na mshereheshaji wa usiku mmoja ingekodi ukumbi kwa Jumatano kadhaa mfululizo, na mdhamini angeonekana na watu wengi kuliko wanaomwona sasa, ambao sehemu kubwa yao ni wafanyakazi wake mwenyewe.