Kwanza Akaunti Ifungwe, Ushahidi Utafuata

Septemba 2025, serikali ya Kenya ilipotangaza kwenye Gazeti Rasmi kwamba Hizb ut-Tahrir na Muslim Brotherhood sasa ni makundi ya kigaidi, binamu yangu aliirusha notisi ile kwenye kikundi cha WhatsApp cha familia na maneno mawili tu: "Lisemwalo lipo." Madole gumba yakamiminika. Niliandika jibu nikafuta, nikaandika tena nikafuta, mwisho nikaona hasira hizi nizilete huku, ambako angalau hakuna shangazi wa kuniambia nipunguze jazba.

Tuelewane mapema. Hizb ut-Tahrir si watu wangu, na habari zao za ukhalifa sizitaki. Kama serikali ina ushahidi juu yao, haya, iendelee. Kinachonikera ni ile raha ya binamu yangu, kwamba jina likishachapishwa basi mtu apumzike kufikiri. Na huyu bwana alikuwa papa hapa Mombasa Aprili 2015! Kasahau vipi?

Alfajiri ya tarehe 2 mwezi ule al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu cha Garissa wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Nchi ilikuwa imevunjika moyo. Watu walikuwa wanauliza Recce, kikosi maalumu cha polisi, kilichelewa wapi siku nzima, na serikali ikiulizwa swali la aina hiyo, huwa inatafuta haraka kitu cha kuonyesha. Siku tano baadaye kikapatikana: notisi ya Inspekta Jenerali Joseph Boinnet yenye majina zaidi ya 80 ya watu na taasisi zilizodaiwa kuhusika na ugaidi. Orodha moja na al-Shabaab wenyewe, wakawekwa MUHURI na Haki Africa, mashirika ya haki za binadamu ya huku Pwani.

Mtu wa Pwani haelezwi hao ni nani. Kijana akibebwa usiku na gari lisilo na namba, mamake alianza kituo cha polisi, akaambiwa "hatuna mtu kama huyo", akaenda kituo cha pili, cha tatu, akaishia kwenye ofisi zao. Mwaka 2013 MUHURI, pamoja na Open Society Justice Initiative, walitoa ripoti juu ya vitendo vya kikosi cha polisi cha kupambana na ugaidi. Mhubiri Aboud Rogo alipopigwa risasi akiwa garini na mkewe mwaka 2012, na mhubiri mwenzake Makaburi nje ya mahakama ya Shanzu mwaka 2014, hawa ndio waliopaza sauti wakitaka muuaji atafutwe. Mahubiri ya Rogo yalikuwa yakinichefua, na sijabadilika. Lakini mtu akiuawa barabarani, aliyemuua anatafutwa, au siku hizi tunaangalia kwanza marehemu alikuwa anahubiri nini?

Sasa tazama utaratibu wenyewe, maana hapa ndipo penye kisa. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012 inasema Inspekta Jenerali akiwa na sababu za msingi za kulishuku kundi, anampendekezea waziri alitangaze. Lakini kabla ya kupendekeza, sharti alipatie kundi hilo nafasi ya kujieleza. Vizuri kabisa, nani atapinga? Notisi ya 2015 iliwapa nafasi hiyo: saa 24. Saa 24 za kuthibitisha kwamba wewe si gaidi! Mimi barua ya chifu ya kuthibitisha ninapoishi siipati kwa saa 24, na chifu mwenyewe ananijua tangu niko kanzu na kofia ya madrasa.

Tena hata hizo saa zilikuwa za mapambo, kwa sababu akaunti zilifungwa papo hapo. Hukumu ikaanza kutumika wakati mshtakiwa bado anatafuta wakili. Wiki mbili hazijapita, watu wa kodi nao wakaingia kwenye ofisi zao wakabeba kompyuta na makaratasi. Bahati iliyoje kwamba ukaguzi ulijipanga wiki zile zile.

Wakaenda mahakamani. Juni, Jaji Anyara Emukule wa Mahakama Kuu ya Mombasa akasema hakuna kinachowahusisha na ugaidi. Ungedhani kesho yake benki zimefunguka. Wapi! Ilibidi wasubiri amri nyingine, Novemba. Miezi saba shirika halina fedha za kulipa kodi ya nyumba, halina mishahara, halina nauli ya kumpeleka shahidi kortini, na katika miezi hiyo saba vijana hawakuacha kubebwa. Anayetaka kuninyamazisha hahitaji kushinda kesi kwa mtindo huu. Anahitaji kunitaja tu, kisha akae pembeni, benki na muda zimfanyie kazi.

Ndiyo, najua, hela za ugaidi hazingoji jaji amalize kunywa chai. Zinatumwa kwa simu dakika moja. Nakubali, shingo upande, kwamba kuna siku lazima akaunti ishikwe kwanza. Basi ishikwe kwa amri ya korti, kwa siku chache zinazohesabika, na polisi warudi na ushahidi au waiachie. Hilo ni gumu kweli?

Nilikuwa mweka hazina wa kamati ya msikiti mdogo mtaani kwetu kipindi kile. Hatukuwa kwenye orodha yoyote. Lakini afisa wa benki alianza kututaka orodha ya wachangaji wote na vitambulisho vyao, eti kwa mchango wa kutengeneza tangi la maji ya udhu. Wazee wa kamati walikasirika, wachangaji wakaogopa, na tangi likaendelea kuvuja. Woga wa orodha haukai kwa walioorodheshwa. Wasomali wanajua zaidi: Aprili ile ile Benki Kuu ilisimamisha kampuni 13 za kutuma pesa, na bibi aliyekuwa akingoja hela ya unga huko Somalia akaambiwa aelewe, ni mambo ya usalama. Juni leseni zikarudishwa.

Halafu mnaniambia orodha hazikosei. Waingereza waliwapiga marufuku Mau Mau mwaka 1950, na sisi, tukiwa huru, tukaiacha marufuku ile kwenye vitabu mpaka 2003. Tulikuwa tunaimba sifa za mashujaa ambao kisheria walikuwa wahalifu. Mandela aliyekwisha kuwa rais na kustaafu alihitaji kibali maalumu kuingia Marekani hadi 2008, kwa sababu chama chake, ANC, kilikuwa kimehesabiwa cha kigaidi. Na Ethiopia? Bunge likawatangaza TPLF, chama cha jimbo la Tigray kilichokuwa kikipigana na serikali, magaidi Mei 2021, serikali ikakaa nao mezani Pretoria Novemba 2022 ikatia saini, Machi 2023 bunge likawafuta, na kesho yake msemaji wao wa siku zote, Getachew Reda, akateuliwa na waziri mkuu kuongoza Tigray. Ugaidi wao ulikwenda wapi, uliisha muda kama kifurushi cha intaneti?

Binamu atasema haya ya kale. Vijana waliokamatwa baada ya maandamano ya Juni 2025 walifunguliwa mashtaka ya ugaidi kwa sheria hii hii ya 2012. Wengine ni rika la mwanawe.

Mimi nina swali moja kwa ofisi iliyotoa orodha ya 2015. Faili la MUHURI na la Haki Africa lilikuwa na nini ndani siku majina yao yalipoandikwa? Nani alilileta, nani alilisoma kabla ya kutia saini? Jaji alishasema hakukuwa na kitu. Afisa aliyemwambia Boinnet kwamba kipo bado hajatajwa jina.