Pipi Hairudi Dukani

Wiki iliyopita nilifanya kituko. Nilibeba pipi 11 mpaka duka kubwa moja la hapa Dar es Salaam, palepale nilipopewa, moja moja, kila keshia alipokosa chenji ya shilingi 50. Nikazipanga kwenye kaunta kando ya pakiti ya maziwa, nikamwambia azihesabu 550, iliyobaki naongezea. Akacheka. Alipoona mwenzake sicheki akasema, "Kaka, hizi ni pipi, siyo hela." Nikamuuliza, mlivyonipa mimi zilikuwa nini? Foleni ikaanza kuguna nyuma yangu, nikalipa taslimu.

Chenji kuadimika si ajabu, na siyo kinachoniudhi. Uingereza ya karne ya 18 iliteseka nayo kuliko sisi. Karakana ya sarafu ya mfalme iliacha kutengeneza sarafu za shaba mwaka 1775, wakati viwanda ndiyo vinafumuka na vibarua wanasubiri ujira wao kila wiki. Nusu-peni zilizokuwa mitaani zilikuwa feki tupu: zilipochunguzwa mwaka 1787, ni asilimia 8 tu zilizofanana angalau kidogo na za mfalme. Tajiri alikuwa na dhahabu sandukuni, lakini kibarua utamkatiaje kipande cha gini, sarafu yao ya dhahabu?

Mwaka huohuo kampuni ya mgodi wa shaba ya Parys Mine, katika kisiwa cha Anglesey kule Wales, ikajitengenezea peni zake. Shaba ilikuwa yao, ya kuchimba wenyewe. Upande mmoja kuna kichwa cha mzee mwenye ndevu aliyejifunika joho, kuhani wa dini ya kale ya huko. Upande wa pili kuna herufi za kampuni na ahadi ya kumlipa peni moja yeyote atakayekuja nayo. Sasa igeuze uitazame ubavuni, pale pembeni pembamba ambapo sisi hatuangaliagi: wamechonga mahali pa kwenda kuidai, London, Liverpool au Anglesey.

John Wilkinson, tajiri wa viwanda vya chuma, naye akatoa zake mwaka huo, zikiwa na sura yake mwenyewe mahali pa sura ya mfalme. Majivuno, ndiyo. Lakini ulijua wa kumfuata ni nani.

Siwafanyi malaika. Wengine walidandia biashara hiyo, wakapunguza uzito wa shaba, hata jina la mlipaji wasiandike. Ukibaki nayo, imekula kwako. Serikali ilizinduka mwaka 1797, ikamwachia Matthew Boulton wa Birmingham, mwenye mashine za mvuke, atengeneze peni rasmi zenye wakia nzima ya shaba. Uhaba uliporudi, sarafu za matajiri zikarudi nazo mwaka 1811, mpaka Bunge lilipozipiga marufuku kwa sheria ya 1817. Na tusijidai haya ni ya Wazungu wa mbali: zile pesa za shaba za mwaka 1890 hadi 1892 za pwani yetu zilitolewa na kampuni ya Kijerumani, DOAG.

Kwa hiyo duka likikosa sarafu, litoe chochote, mradi kesho lenyewe likipokee kwa thamani ileile. Pipi haina ubavu wa kuandikwa chochote. Ni bidhaa niliyouziwa bila kuulizwa kama naitaka, na mimi pipi sili, nina jino bovu.

Mangi wa mtaani kwetu hajawahi kusikia habari za Anglesey. Akikosa chenji anachana kipande cha boksi la sigara, anaandika kiasi, anapiga saini yake ile ya kama mnyoo, anakukabidhi. Hata ukimtuma mtoto nacho, anapewa sukari. Ninacho kimoja kwenye pochi sasa hivi, kimeandikwa 150, kimeanza kulainika kwa jasho. Jioni nakipeleka nikachukue kiberiti.