Kidole, Kuku na Sala ya Ahero

Kwa kuwa rafiki yangu ameshawatangazia kwamba Jumamosi nilishukiwa na Roho Mtakatifu ukweni kwa watu, naona ni haki nami nieleze, ingawa kidole bado kinafukuta na aibu haijapoa.

Mnaonifuata mnajua nina jongo, au gauti kama wengi wetu tunavyoiita. Daktari alinipa karatasi ya vyakula vya kuepuka, nikaisoma kwa bidii: nyama nyekundu, maini, matumbo, bia. Nilitii. Niliwapita wachoma nyama wa Kondele nikiwa nimeziba pua, na jioni nikajifariji kwa sahani ya omena iliyoungwa kwa maziwa, kila siku kwa wiki tatu, nikijisifu kwamba samaki ni chakula cha wenye hekima. Karatasi ilikuwa na upande wa nyuma. Msicheke bado.

Usiku wa kuamkia Jumamosi, saa nane, kidole gumba cha mguu wa kulia kiliwaka hata uzito wa shuka ukanishinda. Lakini mimi ndiye niliyekuwa msemaji wa upande wetu katika kupeleka mahari Ahero, na msemaji hatumi udhuru. Nilikwenda na suti, kiatu cha ngozi mguu wa kushoto, na patipati ya bafuni mguu wa kulia.

Mchungaji alituomba tufumbe macho. Mimi nilifumba moja, kwa sababu nilikuwa nimemwona kuku. Alikuwa mtetea wa makamo, akidonoa punje kati ya viti bila haraka yoyote. Alimaliza chini ya kiti cha shangazi wa bibi harusi, akavuka, akasimama mbele ya patipati yangu, akainamisha kichwa upande huu, kisha upande ule, akikichunguza kidole kilichovimba, chekundu, kinachong'aa kama nyanya ya soko la Kibuye. Nilijaribu kumfukuza kwa kumkazia jicho. (Wewe unayesema ningeuvuta mguu, hujawahi kuugua jongo.) Mchungaji akapaza sauti: "Bwana, mguse kila mmoja aliyeketi hapa!"

Kuku akanigusa.

Ukelele ulionitoka sikuutambua kuwa wangu. Niliruka, nikatua kwa mguu ule ule, nikapiga ukelele wa pili, nikaanguka magotini huku machozi yakinitiririka, na hema zima likaitikia, "Amina!" Akina mama walianzisha pambio kwa makofi. Mchungaji aliniwekea mkono kichwani, akaniombea kwa moyo wake wote, na kwa jicho langu lililo wazi nikamwona kuku akirudi.

Mahari ilikubaliwa, nikabebwa hadi kwenye gari, na Jumatatu daktari akanipa dawa. Kisha aliigeuza karatasi mbele yangu bila kusema neno. Mstari wa kwanza ulikuwa wa dagaa, yaani omena: ina purini nyingi, ambazo mwilini huishia kuwa asidi ya uriki, nayo ikizidi hujenga fuwele ndani ya viungo. Maziwa, alisema, hayakuwa na kosa lolote.

Sasa ninakula mayai na sukuma, na maji ninakunywa kama ngamia. Kinachonisumbua ni simu. Mama mmoja wa Ahero amenipigia mara mbili, akitaka niende nimwekee mikono gotini. Nimemwambia nitafika, ila kwanza anieleze jioni huwa anakula nini.