Shem, hindi lako lina damu

Jumapili tulikaa Coco Beach, kila mtu na hindi lake la kuchoma, stori zimenoga. Mara nikaona hindi la shemeji yangu lina wekundu. Nikadhani pilipili. Kumwuliza, akacheka: "Aa, fizi hizo. Kila nikipiga mswaki zinatoka damu, basi upande huu siku hizi siugusi. Nimeuacha upumzike."

Upumzike! Kama mguu ulioteguka.

Ningecheka nami, ila haya nimeyasikia tangu utotoni. Mama mdogo alikuwa akitema mate mekundu pale uani kila asubuhi, tukaambiwa ana damu nyingi. Damu nyingi! Kabla hajafika miaka 50 meno yake ya mbele yalikuwa yanacheza kama vigingi kwenye mchanga.

Jamani, mswaki hauna kosa. Pale jino linapokutana na fizi hujengeka utando wa bakteria, laini, hata huuoni. Ukiuacha, fizi inavimba, na fizi iliyovimba ukiigusa tu inatoka damu. Sasa wewe unaona damu, unaacha kupiga mswaki, utando unaongezeka, uvimbe unazidi, damu inazidi, halafu unasema "si nilijua?" Mwaka 1965 mtafiti wa meno Harald Löe na wenzake kule Denmark waliwachukua watu 12 wenye fizi nzima, wakawaambia waache kabisa kusafisha meno. Haikupita wiki tatu, wote 12 fizi zilikuwa zimevimba. Wakarudishiwa miswaki, zikapona. Hawakupewa dawa wala majani ya kutafuna.

Kwa hiyo shem, upande unaotoka damu ndio wa kuupiga mswaki vizuri zaidi. Mswaki laini, si ule mgumu mnaoudai dukani kama vile mnakwenda kusugua sufuria ya wali ulioungua. Uinamishe kuelekea kwenye fizi, sugua taratibu, dakika mbili, asubuhi na usiku kabla ya kulala. Katikati ya meno mswaki haufiki, pitisha uzi wa meno. Siku za kwanza damu itatoka tu, usiogope. Wiki mbili zikipita haijakoma, nenda kwa daktari wa meno.

Maji ya chumvi? Haya, sukutua, yanatuliza. Limao hapana, linakula meno. Mswaki wa mti nauheshimu, babu yangu alikufa na meno yake yote, lakini babu alikuwa anakaa nao nusu saa barazani, si nyie mnaotafuna mara tatu huku mnakimbilia daladala. Na mvuta sigara asijisifu kwamba yeye hatoki damu: sigara inabana mishipa, ugonjwa unaendelea kimyakimya. Wajawazito na wenye kisukari, msisubiri hizo wiki mbili.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba daktari wa meno tunamjua kwa koleo tu. Utando ukishakuwa mgumu ukawa ugaga, hakuna mswaki utakaoutoa. Unakwanguliwa kwa vifaa vyake, na hapo jino bado linaokolewa. Sisi tunakwenda likiwa limeshalegea, tunasema "ling'oe tu, dokta."

Nimemwambia shem Jumamosi nampitia saa mbili asubuhi twende wote. Amenijibu ana msiba. Nimemwuliza nani kafariki, mpaka sasa hajanijibu.