Mbu wa Kontrolo

Katika kazi yangu ya kuwasaidia walimu kuandaa maonesho ya sayansi, wanafunzi huwa hawanisumbui. Ukimwambia mwanafunzi ahesabu viluwiluwi 25, atawahesabu, kisha atakuuliza kama yule aliyekufa katikati ya hesabu naye aandikwe. Usumbufu hutoka kwa watu wazima, ambao kuanzia mwalimu wa zamu hadi mwenyekiti wa bodi wanataka mtambo unaowaka taa na kupiga kelele, na hakuna hata mmoja anayetamani kumwonesha mgeni rasmi beseni la maji ya kijani.

Shule ninayoizungumzia ni ya kata, wilayani Muheza, chini ya milima ya Amani, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1902 na ambako baadaye watafiti wa malaria walifanya kazi kwa miaka mingi, hata wenyeji wakazoea kuwaona watu wazima wenye shahada zao wakinyatia mbu ukutani. Kwa hiyo wanafunzi wawili wa kidato cha pili, binti mmoja na mwenzake wa kiume, walipoleta wazo la kupima iwapo maji yaliyolowekwa majani ya mwarobaini yanazuia viluwiluwi wasiwe mbu, hakuna aliyeshangaa. Aliyefurahi kupita kiasi ni mkuu wa shule. Alikuwa amesikia kwamba washindi wa maonesho ya kitaifa ya Young Scientists Tanzania, yaliyoanza mwaka 2012, wamewahi kupelekwa Dublin, Ireland, na akajumlisha mwenyewe kwamba mtoto wa shule hasafiri bila mtu mzima. Siku hiyohiyo aliniuliza kama huko kuna baridi.

Mabeseni yalikuwa matatu. La kwanza lilitiwa maji yenye mwarobaini mwepesi, la pili mwarobaini mzito, na la tatu maji matupu. Kila beseni liliwekwa viluwiluwi 25 na chakula kilekile, yaani unga wa dagaa waliosagwa. Ugomvi ulizuka juu ya hilo la tatu.

"Mzee wangu," alisema mkuu wa shule, "hili halina dawa, halina faida, na linatuaibisha. Wageni watasema shule inafuga mbu."

Kabla sijafungua kinywa, mwalimu wa baiolojia, ambaye jana yake alikuwa akiniuliza swali lilelile, alinitangulia. "Mkuu, hiyo ndiyo kontrolo. Bila hiyo hatutajua kama wamekufa kwa mwarobaini au wamekufa kwa dagaa zetu."

Mkuu alikubali, kwa sharti kwamba kontrolo ifunikwe vizuri. Matroni wa bweni alikuwa na chandarua cheupe cha zamani, kilichofuliwa mara nyingi kiasi kwamba dawa yake ilikuwa imebaki historia, nacho tukakifunga juu ya beseni kwa kamba ya mkonge.

Siku tulipokuwa tukiwatazama viluwiluwi kwa lenzi, nilimwonesha mwalimu jambo ambalo liliharibu hali ya hewa kwa muda. Kiluwiluwi wa Anofelesi, mbu anayeeneza malaria, hulala sambamba na uso wa maji, lakini wetu walikuwa wakining'inia kichwa chini na kuchomoza juu mrija wa mkiani wanaopumulia. Isitoshe, walichotwa kwenye matairi mabovu nyuma ya karakana, mahali anapopendelea Aedes, yule mbu mwenye mabaka meupe miguuni ambaye huuma mchana kweupe na kueneza dengue, ugonjwa uliolipuka Dar es Salaam na Tanga mwaka 2019. Kwa maneno mengine, mradi haukuwa wa malaria hata kidogo. Tulikwenda ofisini kueleza. Mkuu alitusikiliza kwa utulivu, kisha akatuonesha bango lililoegemea ukuta, TUTOKOMEZE MALARIA, herufi nyekundu, rangi bado mbichi. "Mchoraji ameshalipwa," akasema, na kikao kikaishia hapo.

Wiki ya maonesho mabeseni yalihamishiwa katika stoo iliyo nyuma ya bwalo. Ndani ya yale ya mwarobaini mambo yalikwenda kama vitabu vinavyosema: azadiraktini, kemikali iliyomo katika mti huo, huvuruga ukuaji wa mdudu, hivyo viluwiluwi walidumaa, wakashindwa kujivua ngozi, wakafa mmojammoja. Katika kontrolo walinenepa, wakawa pupa waliojikunja, na kila mwenye macho aliona kwamba mbu walikuwa njiani.

Wakati huohuo kamati ya mapambo, chini ya matroni, ilikuwa ikitafuta vitambaa vyeupe.

Jumamosi saa nne asubuhi bwalo lilijaa. Kulikuwa na puto, maua ya plastiki, wazazi katika nguo za sikukuu, na meza kuu iliyopambwa kwa kitambaa chepesi cheupe, kilichotiwa wanga, kikapigwa pasi, kikakunjwa marinda na kushikizwa kwa utepe wa buluu. Mgeni rasmi alikuwa bwana afya kutoka halmashauri, mtu ambaye riziki yake ni kuzunguka majumbani akiwaamuru watu wamwage maji yaliyotuama. Mlango wa stoo, ulio nyuma kabisa ya kiti chake, ulifunguliwa ili kazi za wanafunzi zitolewe.

Mwalimu wa baiolojia alinijia amekunja uso. "Chandarua cha kontrolo kiko wapi?"

Niliitazama meza kuu. Naye akaitazama. Mwishoni mwa rinda la tatu kamba ya mkonge ilikuwa bado inaning'inia.

Kukimbilia stoo hakukuwa na maana tena, kwa sababu juu ya maji ya kontrolo yalielea maganda matupu ya pupa, mepesi na yenye kupenyeza mwanga, na waliokuwa ndani yake walikuwa wamekaa gizani siku mbili nzima bila kula. Bwana afya alikuwa amefika mahali pa kutuambia kwamba yai la mbu huhitaji takriban siku kumi tu kuwa mbu kamili, aliponyamaza ghafla na kujipiga kofi shingoni. Mwenyekiti wa bodi akajipiga la shavuni. Mkuu wa shule, kwa heshima ya meza kuu, aliamua kuumwa kimyakimya.

Bwana afya alikuwa ameshatoa leso yake ajifute, ndipo yule binti akapanda jukwaani akiwa na kibano, lenzi na kiberiti kilichotandikwa pamba.

"Shikamoo, bwana afya. Samahani, naomba usifute mkono."

"Marahaba. Kwa nini?"

"Huyo ni wa kwetu."

Alimwinua mbu kutoka kiganjani, akamtazama kwa lenzi. "Jike. Dume angekuwa na vipapasio vyenye manyoya. Tena ana damu."

"Damu ya nani?"

"Inaelekea ni yako, mheshimiwa," alijibu, akaandika.

Kuanzia hapo ratiba ya mshereheshaji haikufuatwa na mtu. Kila aliyeua mbu alimpeleka kwa binti, na mwenyekiti wa bodi alileta wake wawili juu ya bahasha ya zawadi, akidai mmoja ni dume kwa kuwa hakumuuma. Matroni alisimama imara kwamba chandarua hakikuwa na jina la mtu.

Majaji waliwapa nafasi ya kwanza, kwani walisema hawajawahi kuona matokeo yakithibitishwa na mgeni rasmi kwa ngozi yake mwenyewe. Bwana afya alikabidhi cheti kwa tabasamu, akauliza viluwiluwi walitoka wapi, akapelekwa karakana, akarudi bila tabasamu na kumwandikia mkuu wa shule notisi ya siku saba kuondoa matairi yote. Mkuu alinivuta pembeni kuuliza kama notisi ya namna hiyo inaweza kuathiri safari ya Dublin.

Ripoti ya mradi niliisoma jioni ile. Mwarobaini mwepesi, mbu kamili 0. Mwarobaini mzito, mbu kamili 0. Kontrolo: viluwiluwi waliokufa 3, maganda ya pupa 22, mbu waliokusanywa 20. Katika safu ya maelezo binti alikuwa ameandika kwa mwandiko safi: "Wawili waliondoka na gari la mgeni rasmi."